Fomati kwanza, programu baadaye

Kuna ubishi unaendelea hapa hosteli kuhusu mikanda ya video ya nyumbani: uediti kwa programu gani? Mmoja anasema bila Premiere hujafanya kitu, mwingine anasema DaVinci Resolve ndiyo mpango mzima. Kwa mtazamo wangu tunagombania sufuria wakati mchele bado uko dukani. Swali la kwanza ni fomati.

Kamera nyingi za nyumbani za miaka ya 2000 zilitumia vimikanda vya MiniDV, fomati iliyoanza 1995. Humo ndimo ilimo send-off ya shangazi, kipaimara cha kaka, na sauti ya babu ambaye leo hayupo. Mkanda unaota fangasi, unazeeka, na kamera za kuuchezesha hazitengenezwi tena. Programu za kuediti zitakuwepo hata mwakani, ila huo mkanda sina uhakika nao.

Habari njema ni kwamba MiniDV tayari ni dijitali. Ukiunganisha kamera na kompyuta kwa waya wa FireWire, unachofanya ni kunakili data ile ile, hakuna kinachopungua. Mkanda wa saa moja unachukua saa moja kuingia. Msikimbilie tundu la USB la kamera, maana kwenye kamera nyingi za aina hiyo lilikuwa la kutolea picha za mnato au video hafifu. Na FireWire yenyewe inaondoka: Apple waliitoa kwenye macOS Tahoe mwaka 2025. Kwa hiyo ile kompyuta ya zamani yenye tundu hilo msiiuze kwanza!

Sasa hapa ndipo watu wanapoharibu. Saa moja ya DV inakula kama GB 13. Mtu akiona hivyo anashtuka, anaigeuza yote kuwa MP4 ndogo, anairusha WhatsApp, halafu mkanda anautupa. Jamani! Video ikishabanwa, kilichotupwa hakirudi. Kila ukiiediti na kuibana tena, inazidi kuchakaa. Faili la DV ni mbegu, na mkulima mwenye akili hali mbegu. Najua mtasema nafasi ni ghali na bumu halitoshi. Sawa, lakini hadi diski ya GB 500 inabeba mikanda zaidi ya 30. Familia ngapi zina mikanda 30? Ndugu mkichangishana, haifiki hata mchango wa harusi moja. Ikiwezekana nunueni mbili, moja ikae nyumbani kwa mtu mwingine.

Baada ya hapo ndiyo tuzungumzie programu. Movie Maker, iliyokuja na Windows Me mwaka 2000, ilikuwa rahisi kweli, ila Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2017, msiipakue kwenye tovuti za ajabu ajabu. Resolve ni nzuri na ina toleo la bure, lakini inataka kompyuta yenye kadi ya picha ya nguvu. Anayeanza namshauri Shotcut au Kdenlive: ni za bure na hazihitaji kukreki. Mwenye Mac ana iMovie. Kazi yenyewe ni kukata, kuunganisha, na kuandika majina na mwaka. Basi!

Jambo la mwisho ambalo wengi hawalijui. Video ya DV ya huku kwetu ni PAL: pikseli 720 kwa 576, na kila sekunde ina nusu-picha 50 zinazopishana mistari. Ndiyo maana mtu akikimbia unaona kingo zake zina meno kama kitana. Unapotoa nakala ya kutazama kwenye simu, washa sehemu iliyoandikwa "deinterlace", kisha toa MP4 ya H.264. Usiikuze kuwa 4K, utaongeza uzito tu, sura ya babu haitaongezeka.

Msimamo wangu ndio huo: DV unaitunza, MP4 unaigawa, na programu ni ile ambayo kompyuta yako inaiweza. Likizo hii mkifika nyumbani fungueni makabati. Anayebisha aje na hoja, siyo na jina la programu.

Nawasilisha.