"Kuanzia" si bei: Nauli za ndege zitajwe kamili

Limo neno moja ambalo wafanyabiashara wa safari wamelitwika mzigo mzito mno. Neno lenyewe ni "kuanzia". Kila zinapokaribia likizo za shule, Pasaka au Krismasi, hutangazwa magazetini, redioni na katika simu zetu kwamba nauli ya ndege ya kwenda Mombasa, Kisumu au Eldoret imeteremshwa, na kwamba sasa ni "kuanzia" shilingi elfu kadhaa tu. Tarakimu huandikwa kwa ukubwa wa kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Neno "kuanzia" huandikwa kwa herufi za kusomewa miwani. Hoja yangu leo ni kwamba neno hilo dogo ndilo linalobeba ukweli wote wa tangazo, na kwamba wakati umewadia wa kuwalazimisha wauzaji wataje bei inayoishia, wala si ile inayoanzia.

Yafaa nieleweke mapema. Sina ugomvi na nauli nafuu. Kwa miaka mingi ndege ilikuwa chombo cha mawaziri, watalii na mameneja wa makampuni makubwa. Novemba 2012 shirika la Fastjet lilipoanza safari zake kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, lilitangaza nauli kuanzia Sh32,000 za Tanzania kabla ya kodi. Aprili 2014 Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways, ikaanza kuruka hapa nyumbani kwa nauli kuanzia Sh2,850. Safari za Fastjet nchini Tanzania zilikoma mwaka 2018, lakini mlango uliokuwa umefunguliwa haukufungwa tena. Mgonjwa aliyekuwa akisagwa na barabara usiku kucha kutoka Kisumu hadi hospitali za Nairobi sasa aweza kufika katika muda usiotimia saa moja angani. Hilo ni jambo la kushukuriwa.

Lakini kwa sababu hiyo hiyo, suala hili si la matajiri. Tajiri hasubiri ofa. Hununua tiketi siku anayotaka kusafiri. Anayekesha akitazama tangazo la nauli nafuu ni yule anayehesabu shilingi: mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara mdogo, mwanafunzi anayeitwa kwenye mahojiano ya kazi. Shilingi elfu tatu zinazoongezeka bila kutarajiwa hazimtikisi wa kwanza. Wa pili huenda akakopa.

Ili tusimlaumu mtu bure, hebu tutazame biashara hii inavyoendeshwa. Kiti cha ndege ni kama samaki mbichi sokoni. Ndege ikishapaa, kiti kilichobaki kitupu kimekwisha kuoza; hakiuziki tena kesho. Kwa hivyo mashirika huvigawa viti vya safari moja katika mafungu. Fungu la kwanza, ambalo mara nyingi ni dogo, huuzwa kwa bei ya chini. Likiisha, bei hupanda hadi fungu la pili, kisha la tatu, mpaka mnunuzi wa mwisho analipa mara kadhaa ya alicholipa wa kwanza. Maarifa haya yalikomaa nchini Marekani baada ya serikali kuacha kuyapangia mashirika nauli mwaka 1978. Mwaka 1985 American Airlines iliyatumia kupambana na PeopleExpress, shirika lililokuwa limejipatia jina kwa nauli za chini. Iliuza viti vichache kwa bei ya mpinzani wake, na vilivyosalia ikaviuza kwa bei yake ya kawaida. Kufikia mwaka 1987 PeopleExpress ilikuwa imemezwa na shirika jingine. Leo hesabu hizo hufanywa na tarakilishi, usiku na mchana.

Hapana dhambi katika hilo. Hata matatu zetu hupandisha nauli mvua inyeshapo na mwezi wa Desemba. Tofauti ni kwamba makanga, pamoja na ujeuri wake wote, huitaja nauli mlangoni kabla hujaingia. Hakwambii mia moja mlangoni, kisha akaongeza thelathini kwa sababu umeketi dirishani, na ishirini kwa sababu una mfuko miguuni. Angethubutu, abiria wangemshusha yeye.

Mtandaoni mambo ni kinyume. Bei hupanda ukurasa baada ya ukurasa. Ukurasa wa kwanza una nauli. Wa pili unakuuliza kama unahitaji kusafirisha mzigo, kwa sababu nauli uliyoiona ni ya begi la mkononi tu. Wa tatu unakuuzia kiti, kana kwamba kuna abiria atakayesafiri akiwa amesimama. Wa nne unakuletea bima, na katika tovuti fulani kisanduku cha kuikubali tayari kimetiwa alama, hivi kwamba usipokiona umeinunua. Kunyamaza kumegeuzwa kuwa idhini. Juu ya yote hayo kuna saa inayohesabu dakika kurudi nyuma, na maandishi mekundu yasemayo kwamba vimesalia viti viwili tu. Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Muuzaji wa mtandaoni ameifahamu methali hiyo barabara: haraka amempa mnunuzi, baraka amebaki nayo yeye.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alifiwa na dada yake huko Kisumu. Aliona tangazo la nauli ambayo kwake na mkewe ingekuwa nyepesi. Alipofungua tovuti aligundua kwamba nauli hiyo ilikuwa ya siku za katikati ya juma, wiki tatu mbele. Mazishi yalikuwa Jumamosi ile ile, na mazishi hayangoji ofa. Akanunua kwa bei aliyoikuta. Walipofika uwanjani na mizigo miwili ya vitu vya matangani, wakaambiwa kwamba tiketi zao hazikuwa na haki ya mzigo, na kwamba mzigo unaolipiwa pale kaunta ni ghali kuliko uliolipiwa wakati wa kununua tiketi. Safari nzima iliwagharimu zaidi ya maradufu ya bei iliyotangazwa. Hakuna sheria ya shirika iliyovunjwa. Yote yalikuwa yameandikwa mahali fulani. Swali langu ni hili: yaliandikwa wapi, na yalisomeka lini?

Ipo mitego mingine isiyotegwa na mtu, ila imezaliwa na tofauti za desturi. Wa kwanza ni saa. Sisi huhesabu saa tangu mapambazuko. Tovuti huhesabu tangu usiku wa manane. Asomaye 07:00 hana budi kukumbuka kwamba ni saa moja asubuhi, wala si saa saba. Hatari zaidi ni safari za usiku. Tiketi ikisema 00:30 Jumamosi, ndege itaondoka saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia Jumamosi. Mzee wa Lamu hatapotea hapo, kwa kuwa kwa desturi ya pwani siku huanza jua linapotua, na usiku hutangulia mchana wake. Lakini wengi wetu wa bara tusikiapo "Jumamosi usiku" huwaza usiku unaofuata mchana wa Jumamosi. Afikaye uwanjani Jumamosi jioni atakuta ndege yake imeondoka karibu siku nzima iliyopita, na nauli imekwenda nayo.

Wa pili ni tarehe. Sisi huandika siku kabla ya mwezi. Tovuti za Kimarekani huandika mwezi kabla ya siku, na 5/6 inayosomwa Nairobi kuwa tarehe tano Juni husomwa huko kuwa tarehe sita Mei. Wa tatu ni majina. Mkenya huwa na majina matatu, na mpangilio wake katika kitambulisho huenda usilingane na ule wa pasipoti. Jina likikosewa herufi moja katika tiketi ya nauli nafuu, ada ya kulisahihisha huweza kukaribia nauli yenyewe.

Malipo nayo yana vituko vyake. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007 tumezoea kulipa kwa simu bila wasiwasi. Lakini hutokea pesa zikatoka, ukurasa ukaganda, na tiketi isije. Mnunuzi akiwa na hofu ya ile saa inayohesabu, hulipa tena. Mwishowe huwa na tiketi mbili za kiti kimoja, au hana hata moja, na kuanza safari ndefu ya kudai chake kwa simu zisizopokelewa. Kuna pia madalali wa mtandaoni wanaoonekana kama shirika lenyewe ilhali sivyo, na matapeli wanaobuni anwani inayotofautiana na ya kweli kwa herufi moja tu.

Najua jibu la wauzaji: mnunuzi asome masharti kabla ya kukubali. Ni kweli kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Lakini macho hayafai kitu pale kinachostahili kuonwa kilipofichwa. Masharti yenye urefu wa kurasa ishirini, kwa Kiingereza cha mawakili, yakisomwa katika kioo cha simu kisichozidi upana wa kiganja, ni njia ya kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia na kumpa risiti.

Wengine walikwisha kuliona hili wakachukua hatua. Nchi za Muungano wa Ulaya, kwa kanuni nambari 1008 ya mwaka 2008, zilitaka bei ya ndege ionyeshwe wakati wote ikiwa kamili, pamoja na kodi na ada zote zisizoepukika. Nyongeza za hiari lazima zichaguliwe na mnunuzi mwenyewe, na mwaka 2012 mahakama ya muungano huo ikaamua kwamba sharti hilo linahusu pia bima inayouzwa na wakala wa tiketi. Mwaka huo huo Marekani nayo ililazimisha matangazo yataje nauli pamoja na kodi zake. Tena ilitaka abiria anayenunua tiketi siku saba au zaidi kabla ya safari apewe saa 24 za kuishikilia bila kulipa, au kuifuta bila adhabu. Sharti hilo huyabana hata mashirika ya kigeni yanayoruka kwenda huko. Je, kwa nini abiria wa New York astahili siku moja ya kutafakari, na yule wa Kisumu asiistahili?

Nasi hatukosi sheria. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu kile anachokinunua. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kauli za kupotosha kuhusu bei. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inamtaka muuzaji wa mtandaoni amfunulie mnunuzi habari muhimu kabla ya mkataba, na ampe nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa. Asipofanya hivyo, mnunuzi aweza kuuvunja mkataba hadi siku saba baada ya kupokea nakala yake. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuambiwa hayo?

Wala tusiambiwe kwamba haiwezekani. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani iliziamuru benki na kampuni za simu zimwonyeshe mteja gharama ya muamala kabla hajaukamilisha. Walisema wengine kwamba mitambo haingeweza. Iliweza. Kilichofanyika kwa mtu anayetuma shilingi mia tano kwa mama yake kijijini chaweza kufanyika kwa anayenunua tiketi ya elfu kumi.

Kwa hivyo natoa mwito kwa Mamlaka ya Ushindani na Mamlaka ya Usafiri wa Angani zishirikiane katika mambo matatu. Kwanza, kila tangazo la nauli nafuu litaje bei kamili, siku za safari zinazohusika, idadi ya viti vilivyotengwa, na kama mzigo umo au haumo. Pili, kisanduku chochote cha nyongeza kiwe kitupu hadi mnunuzi akijaze kwa hiari yake. Tatu, abiria apewe saa 24 za kusahihisha jina, tarehe au saa bila kutozwa chochote. Shirika linalouza kwa haki halitapoteza kitu, bali litapata wateja wasionuna.

Na wewe msomaji, sheria ikijikokota usikae ukiingoja. Andika anwani ya shirika kwa mkono wako, usifuate kiunganishi ulichotumiwa. Pima begi lako nyumbani kabla ya kununua tiketi. Soma saa kwa Kiswahili kwa sauti, "usiku wa kuamkia" siku gani, kabla ya kulipa. Jumlisha kila kitu, pamoja na teksi ya kwenda uwanjani, kisha ulinganishe na basi au gari moshi, ambalo tangu Januari 2024 lilitoza Sh1,500 kwa daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa. Pesa zikitoka na tiketi isije, usilipe tena. Hifadhi ujumbe wa malipo na udai. Kawia ufike, walisema waliotutangulia, nao hawakuwa wamewahi kuiona ndege.

Biashara ya haki haiogopi mwanga. Shirika linaloweza kutuchukua angani salama, kwa mitambo inayojua kipimo cha mafuta hadi kilo ya mwisho, haliwezi kudai kwamba halijui jumla ya nauli yake mpaka ukurasa wa sita. Linaijua. Na litutajie mlangoni.