Sehemu ya 7: Mawaziri, Majenerali na Wakuu wa Benki, Nani Kati Yao Alijua Damu?

1.
Swali linalorudi sana inboksi ni hili: "Nesi, kuna kituo cha vipimo kimefunguliwa mtaani kwetu, watu wakubwa wamo, mheshimiwa ndiye aliyekata utepe. Si kitakuwa cha uhakika?"

Jibu langu fupi: utepe haupimi damu.

Jibu refu ni kisa cha kampuni moja ya Marekani iliyoitwa Theranos. Wengi mmeshasikia habari za mwenye kampuni, yule dada wa sweta jeusi. Mimi leo simzungumzii sana yeye. Nataka tuiangalie bodi yake ya wakurugenzi, yaani wale watu waliokaa mezani kusimamia kampuni. Somo liko pale, na linamhusu kila mama anayenyoosha mkono atolewe damu.

2.
Kwa asiyejua, Elizabeth Holmes alianzisha kampuni hiyo mwaka 2003 akiwa na miaka 19, akaacha chuo, Stanford. Ahadi yake ilikuwa tamu: matone machache tu ya damu kutoka kidoleni, halafu unapata vipimo zaidi ya 200, kwa bei nafuu. Mwaka 2013 wakaanza kuhudumia watu ndani ya maduka ya dawa ya Walgreens, kidogo California na kwa wingi Arizona. Kufika 2014 kampuni ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 9.

Jamani, mtu yeyote aliyewahi kutafuta mshipa wa kichanga anaelewa kwa nini ahadi ile ilipendwa. Mtoto analia, mama analia, mshipa hauonekani. Ukiniambia tone moja la kidole linatosha, nitakusikiliza.

Shida ni kwamba mashine yao, waliyoiita Edison, iliweza kufanya vipimo kama 12 tu. Vingine walivifanya kwa mashine za kawaida za kampuni nyingine, wakizimua ile damu kidogo ili itoshe. Wateja hawakuambiwa.

3.
Sasa tuje kwenye meza. Mwaka 2014 waliokaa kwenye bodi ya Theranos ni hawa:

George Shultz na Henry Kissinger, wote waliwahi kuwa mawaziri wa mambo ya nje wa Marekani. Shultz alijiunga mwaka 2011 akiwa na miaka 90.
William Perry, waziri wa ulinzi wa zamani.
Sam Nunn, seneta wa zamani, mtu wa masuala ya jeshi.
James Mattis, jenerali mstaafu.
Gary Roughead, admirali mstaafu wa jeshi la majini.
Richard Kovacevich, aliyekuwa mkuu wa benki ya Wells Fargo.
Riley Bechtel, wa kampuni kubwa ya ujenzi ya Bechtel.
Bill Frist, seneta wa zamani ambaye pia ni daktari mpasuaji.
William Foege, daktari na mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko.

Pamoja nao Holmes mwenyewe na msaidizi wake mkuu, Sunny Balwani, mtu wa programu za kompyuta.

Soma tena taratibu. Hii ni meza ya kumaliza vita, au ya kujenga bwawa la umeme. Kampuni ya kupima damu, na hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa maabara ya damu. Hakuna aliyewahi kukaa na mashine saa kumi na moja alfajiri akiuliza, "Mbona potasiamu ya wagonjwa wote leo iko juu?" Na ukimtoa Holmes, wote ni wanaume. Mwanamke ndiye anayepimwa damu mara nyingi zaidi maishani, maana kila ujauzito una vipimo vyake, lakini pale mezani mama hakuwepo.

4.
Mtu ataniambia: "Nesi, si umesema madaktari walikuwepo wawili?" Kweli, na ni watu wa heshima. Frist alikuwa akipandikiza mioyo na mapafu. Foege ndiye aliyefanya kazi Nigeria miaka ya 1960 na kusaidia kuleta mbinu ya kuwachanja watu walio karibu na mgonjwa wa ndui badala ya kusubiri kuchanja nchi nzima. Dunia haina ndui leo, na mchango wake upo. Baadaye aliongoza CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa.

Lakini sisi wa hospitali tunajua udaktari si kazi moja. Bingwa wa moyo akitaka kujua kama mashine ya damu inasema kweli, anampigia simu mtu wa maabara. Na huko si kujishusha. Kila asubuhi watu wa maabara wanapitisha kwenye mashine sampuli ambayo jibu lake wanalijua tayari. Mashine ikitoa jibu jingine, hakuna mgonjwa anayepimwa mpaka irekebishwe. Mjumbe wa bodi asiyejua hata kwamba kuna zoezi kama hilo, atauliza nini kwenye kikao? Atauliza kuhusu faida, atauliza kuhusu mkataba na jeshi, atapiga makofi.

Halafu kuna la pili. Holmes alijipangia hisa ambazo kila moja ilikuwa na kura 100, hivyo karibu kura zote za kampuni zilikuwa mkononi mwake. Hata kama wajumbe wote wangesema hapana, hapana yao isingemzuia. Kwa hiyo meza ile ilikosa vitu viwili: mtu anayejua, na mtu anayeweza kusimamisha. Ukikosa vyote viwili, kilichobaki ni picha ya pamoja.

5.
Sasa sikieni gharama yake.

Mwaka 2014 huko Arizona kulikuwa na mama aliyekuwa ameshapoteza mimba tatu. Akashika mimba tena. Akapimwa Theranos homoni ya ujauzito, ile tunayoiita hCG. Kipimo cha kwanza kilisoma 12,558. Siku mbili baadaye kikasoma 125 na kitu.

Kwa mama zangu ambao hamjawahi kuelezwa: mwanzoni mwa ujauzito unaokua vizuri, homoni hii hupanda haraka, mara nyingi inakaribia kuongezeka maradufu kila baada ya siku mbili hadi tatu. Ikianguka kiasi kile, maana yake kwa kawaida ni moja. Na muuguzi aliyekuwa anamhudumia ndiye aliyebaki na kazi ya kumwambia kwamba mimba ya nne nayo inatoka.

Haikuwa inatoka. Vipimo vya maabara nyingine vilionyesha ujauzito uko salama, na yule mama alijifungua mtoto wa kike mwenye afya. Yeye na muuguzi wake walitoa ushahidi mahakamani mwaka 2021.

Mimi hapa ndipo ninaposhindwa kuwa mpole. Kati ya wale wazee wa mezani, hakuna aliyemwambia mama yule neno. Habari mbaya ya uongo ilisafiri kutoka kwenye mashine mbovu mpaka mdomoni mwa muuguzi, na muuguzi ndiye aliyetazamwa usoni. Na fikiria kama mama yule angeamini karatasi, akaacha dawa zake, au akakubali kusafishwa.

6.
Waliojua ni nani basi? Walijua vijana waliokuwa wanagusa ile mashine. Erika Cheung na Tyler Shultz, wote ndiyo kwanza wametoka chuoni, waliona majibu yanarukaruka na majibu yasiyopendeza yanatupwa ili hesabu ikae vizuri. Na Tyler ni mjukuu wa yule yule George Shultz wa kwenye bodi! Alimwendea babu yake akamweleza. Babu akamwamini Holmes.

Wahenga walishasema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Babu aliiongoza Marekani kwenye mazungumzo na Wasovieti, lakini kitanda hiki alikilalia mjukuu. Kijana akaondoka kazini mwaka 2014, akabanwa na mawakili wa kampuni, na familia yake ikatumia zaidi ya dola 400,000 kumtetea. Cheung naye mwaka 2015 aliwaandikia wakaguzi wa serikali wanaosimamia maabara. Oktoba mwaka huo mwandishi John Carreyrou akaianika habari kwenye Wall Street Journal. Mwaka 2016 kampuni ikafuta majibu yote yaliyotoka kwenye Edison kwa miaka miwili. Na ni mwaka huo huo, 2016, ndipo walipounda jopo la ushauri lenye mabingwa wa maabara. Nyumba imeshaungua ndiyo unatafuta ndoo. Mwaka 2018 kampuni ikafungwa.

Januari 2022 Holmes alikutwa na hatia ya kuwalaghai wawekezaji, akahukumiwa zaidi ya miaka 11 jela. Kwa mashtaka ya kuwalaghai wagonjwa, baraza la wazee wa mahakama halikumtia hatiani. Balwani, aliyeshtakiwa peke yake, alitiwa hatiani kwa yote, ya wawekezaji na ya wagonjwa, akapata karibu miaka 13. Wale wajumbe wa bodi hakuna aliyefungwa.

7.
Msinielewe vibaya. Sisemi kila kampuni ya afya iongozwe na manesi na madaktari peke yao. Kazi ya sayansi inataka pesa, na pesa inataka watu wanaoijua. Angalieni Genentech, iliyoanzishwa mwaka 1976. Waliianzisha watu wawili, Herbert Boyer, mwanasayansi wa biokemia, na Robert Swanson, mtu wa mitaji. Mmoja alijua kazi, mwingine alijua hela, na hakuna aliyekuwa pambo la mwenzake. Mwaka 1982 insulini ya binadamu iliyotokana na kazi yao iliruhusiwa kutumika Marekani. Leo kuna watoto wenye kisukari wanaoishi kwa insulini iliyotengenezwa kwa njia hiyo.

Kwa hiyo mtu wa benki akae, jenerali akae, mheshimiwa akae. Ila lazima awepo anayeijua kazi yenyewe, na akisema "simamisha", mambo yasimame.

8.
Haya, turudi nyumbani. Hapa kwetu hatupewi orodha ya bodi tunapokwenda kupima mimba. Lakini mtego ni ule ule, kutuonyesha watu badala ya kutuonyesha kazi. Mnazijua zile mashine za "kupima mwili mzima", unashika kifimbo cha chuma, hutolewi hata tone la damu, halafu kompyuta inatema kurasa nzima za majibu, ini, figo, mifupa, mpaka mfuko wa uzazi. Ukiuliza, unaonyeshwa picha ya mtu maarufu. Na mwisho wa karatasi kuna virutubisho vya kununua palepale.

Mama, uliza haya, na uyaulize bila aibu:

Je, maabara hii imesajiliwa? Kwa Tanzania, maabara binafsi ziko chini ya Bodi ya Maabara Binafsi za Afya. Cheti huwa kinabandikwa ukutani, kiangalie.
Anayenipima ni mtaalamu wa maabara aliyesajiliwa, au ni muuzaji aliyevaa koti jeupe?
Mashine hii inapima nini hasa, na kwa sampuli gani? Kifaa cha uchunguzi kinatakiwa kiwe kimepita TMDA.
Jibu likinishtua, nitarudia wapi?

Na tafadhali msitoke hapa mkiogopa kipimo cha kidole. Malaria, sukari, wingi wa damu, VVU, hivi tunavipima kwa tone la kidole kliniki kila siku na vinaaminika, kwa sababu kila kimoja kimejaribiwa kwa kazi yake hiyo moja. Wa kumhoji ni yule anayekuambia tone moja linajua kila kitu.

La mwisho kwa wajawazito. Kama huna dalili mbaya na umepewa jibu moja la kutisha, usikubali uamuzi mkubwa kwa karatasi moja. Omba kipimo kirudiwe baada ya siku mbili, maabara hiyo hiyo ili namba zilinganishwe vizuri, na kama namba hazieleweki peleka pia maabara nyingine. Omba na ultrasaundi. Lakini ukitokwa damu, ukiwa na maumivu makali ya tumbo, au ukizimia, usisubiri siku mbili wala usisubiri mimi nijibu inboksi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mkimwona mtu wa maabara kesho, msalimieni. Huwa haonekani kwenye uzinduzi.

Sehemu ya 8 tutaongea kuhusu kadi ya kliniki, zile namba zote zina maana gani. Mwenye swali aandike hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.