Kisu Kimetukaribia, Sasa Tuhesabu Vidonda

Mtu akipasuliwa hospitali, jamaa walioketi nje huuliza neno moja tu: "Ametoka salama?" Akija muuguzi na kuwaambia kwamba ametoka salama, wote hushusha pumzi, humshukuru Mungu, na wengine huanza safari ya kurudi nyumbani. Sisi hatuwalaumu, kwani hofu ya kisu ni kubwa. Lakini twasema kwamba swali lile ni nusu ya swali. Operesheni haiishi pale daktari anapokata uzi wa mwisho. Huisha siku ile mgonjwa anaporudi shambani kwake Mbozi, dukani kwake Tunduma au kwenye usukani wa lori lake, kidonda kikiwa kimekauka na mwili una nguvu. Kati ya meza ya daktari na siku hiyo pana njia ndefu, na ndani ya njia hiyo ndimo watu wetu wengi wanamopotea.

Wananchi wa Songwe wanajua tulikotoka. Kabla ya mwaka 2016 sehemu hizi zote zilikuwa za Mkoa wa Mbeya, na mwenye shida kubwa alitazama barabara ya Mbeya, yapata kilomita 100 kutoka Tunduma. Aliyetoka Kamsamba au bonde la Ileje alikuwa na safari ndefu zaidi hata kabla ya kuifikia barabara hiyo. Leo Songwe ni mkoa, una Hospitali ya Rufaa yake pale Vwawa, na katika miaka hii vituo vingi vya afya nchini vimejengewa vyumba vya upasuaji ili mama mwenye uzazi mgumu asifie njiani. Hili ni jema kubwa, na asiyeliona hataki kuona. Kisu kimetukaribia.

Lakini kisu kuwa karibu si sawa na kisu kuwa salama. Mwaka 2018 ulitolewa uchunguzi mkubwa uliofanywa na madaktari wa Afrika wenyewe katika nchi 25 na hospitali 247, wakiwafuata wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa. Walikuta kwamba karibu mgonjwa 1 katika kila 5 alipata madhara baada ya operesheni, na la kwanza katika madhara hayo ni kidonda au mwili kuingiwa na vijidudu. Waliofariki walikuwa kama 2 katika kila 100, yaani mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu wengi ni vijana kuliko wale wa Ulaya. Theluthi moja ya operesheni hizo zilikuwa za kuwatoa watoto tumboni, na mama wa Kiafrika aliyepasuliwa hivyo alikuwa katika hatari ya kufa mara 50 kuliko mama wa nchi tajiri.

Sasa msomaji atazame neno moja katika uchunguzi huo, maana ndilo lililotufanya tushike kalamu. Katika kila wagonjwa 100 waliofariki, 94 hawakufa siku ya operesheni. Walikufa siku zilizofuata. Hawakufia chini ya taa kubwa, mbele ya daktari na mashine. Walifia wodini, labda usiku wa manane, muuguzi mmoja akiwa na wagonjwa 30, homa ikipanda bila kupimwa, damu ikivuja chini ya shuka bila kuonekana. Basi tukisema "tuongeze vyumba vya upasuaji" tukanyamaza hapo, tumetengeneza mlango wa nyumba na kuacha paa wazi.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Momba. Si mtu fulani, ila kila mmoja wetu amwona akilini. Amepasuliwa, mtoto analia, siku ya tatu ameruhusiwa kwenda nyumbani. Katika kitabu cha wodi imeandikwa: ametoka, hali nzuri. Siku ya saba mshono unawasha na kutoa maji. Siku ya tisa ni usaha, na homa imepanda. Nauli ya kurudi hospitali hana. Mama mkwe anasema kiwekwe majani. Mwenye duka la dawa anampa vidonge vinne. Ikiwa atapona, atapona baada ya mwezi wa maumivu, shamba likiwa limeota magugu na mtoto amekosa maziwa ya kutosha. Ikiwa vijidudu vimeingia katika damu, atazikwa. Na kitabu cha wodi? Kitabu bado chasema: hali nzuri.

Huo ndio uwongo tunaousema bila mtu yeyote kusema uwongo. Wataalamu wa dunia wamekubaliana kwamba kidonda cha operesheni hutazamwa kwa siku 30, kwa kuwa vijidudu vingi hujionyesha baada ya mgonjwa kuondoka. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika Afrika hata mama 20 katika kila 100 waliozaa kwa kupasuliwa huweza kupata vijidudu katika kidonda. Nani katika wilaya zetu aweza kusimama leo na kusema kwetu ni wangapi? Hospitali inayotazama siku tatu tu, kisha ikaandika kwamba vidonda vyote ni vizuri, ni kama mkulima anayehesabu mavuno siku aliyopanda.

Na Tunduma si mji kama miji mingine. Ni lango. Barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA hupita hapa. Malori ya shaba na ya mafuta husimama mistari mirefu. Tangu mwaka 2019 kituo cha pamoja cha mpakani kinahudumia pande zote mbili. Mtu aweza kupasuliwa huku leo, na wiki ijayo yuko Nakonde kwa shangazi yake, au njiani kwenda Lubumbashi, au amerudi bandarini Dar es Salaam. Kidonda chake kinavuka mpaka pasipo hati ya kusafiria. Kwa hiyo kungoja mgonjwa arudi mwenyewe ndipo tujue kwamba ameharibikiwa hakufai popote, na hapa Tunduma hakufai zaidi.

Ndiyo maana sisi twataka jambo moja, tena dogo: kila mahali palipo na chumba cha upasuaji katika Mkoa wa Songwe pawe na daftari la vidonda. Aandikwe kila aliyepasuliwa, nambari yake ya simu na ya jirani yake, na kijiji chake. Siku ya 7, siku ya 14 na siku ya 30 aulizwe maneno machache ya wazi: Je, una homa? Kidonda chatoa maji au usaha? Kimefumuka? Umelazwa mahali pengine? Asiye na simu atembelewe na mhudumu wa afya wa kijiji. Aliye ng'ambo ya mpaka aulizwe kwa njia ya wenzetu wa Nakonde, maana maofisa wa forodha wa pande mbili wakiweza kukaa nyumba moja kwa ajili ya mizigo, waganga hawashindwi kupigiana simu kwa ajili ya watu. Kisha kila mwezi daktari, muuguzi, mtu wa nusukaputi, mfua nguo na mtakasa vyombo wakae pamoja, wasome daftari kwa sauti: waliopasuliwa ni wangapi, waliotunga usaha ni wangapi, na kwa nini.

Twajua yatakayosemwa. La kwanza, watumishi wataogopa. Watasema kwamba daftari hilo litakuwa fimbo, kwamba anayeandika vidonda vibaya vingi ndiye atakayehamishwa. Hofu hii si ya bure, na wakubwa wa afya yawapasa kuiondoa mapema. Hospitali iliyoandika vidonda vibaya 12 si lazima iwe mbaya kuliko ile iliyoandika sifuri. Pengine ile ya pili haijatazama. Mtu aliyekosea kwa uchovu, au kwa kukosa maji na sabuni, hasaidiwi kwa kuaibishwa. Mzembe anayeacha zamu, au anayemdai mgonjwa fedha ya kificho, huyo ana sheria zake na zitumike. Lakini tusiwachanganye wawili hao. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hospitali nayo ni hivyo hivyo.

La pili, watasema fedha hazipo. Kwa hilo twajibu kwa mifano ya nchi yetu wenyewe. Kati ya mwaka 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya mambo 19 ya kukumbushana katika chumba cha upasuaji. Hospitali nane zilichaguliwa duniani: London, Toronto, Seattle, New Delhi, Amman, Auckland, Manila, na moja katika Ifakara yetu ya Morogoro. Orodha yenyewe ni karatasi moja. Watu husimama mara tatu: kabla ya kumlaza mgonjwa usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla hajatoka chumbani. Husema kwa sauti jina la mgonjwa, sehemu inayopasuliwa, kama dawa ya kuzuia vijidudu imetolewa, kama damu ipo, na kama vitambaa na mikasi yote imehesabika. Kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 katika kila wagonjwa 100, na madhara kutoka 11 hadi 7. Karatasi moja! Na Ifakara ilisimama safu moja na London, si kwa kupewa heshima bali kwa kufanya kazi.

Mfano wa pili ni wa Kigoma. Kuanzia mwaka 1984 hadi 1991, Dokta Godfrey Mbaruku na wenzake katika hospitali ya mkoa walishusha vifo vya wazazi kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Walichukua hatua 22, na nyingi zilitegemea watu na vifaa vilivyokuwapo pale pale. Hawakungoja meli ya misaada. Walianza kwa kuchunguza vifo vyao wenyewe bila kufumba macho, wakajua ni wapi mama anapopotea, wakapaziba. Kama Kigoma ya miaka ile, mbali na kila kitu, iliweza, Songwe iliyo juu ya barabara kuu ina udhuru gani?

Daftari likisomwa litaonyesha mambo, na mengi twaweza kuyataja hata sasa. Dawa ya kuzuia vijidudu inafaa itolewe ndani ya saa 2 kabla ya kisu kugusa ngozi. Vidonge vya wiki nzima baada ya operesheni haviponyi kosa la kuisahau wakati wake. Nywele zisinyolewe kwa wembe, kwa sababu wembe huacha mikwaruzo ambamo vijidudu hujificha. Ikiwa lazima, zipunguzwe kwa mashine. Mgonjwa aoge kabla ya operesheni. Mikono ioshwe kila mara, si pale mkaguzi anapokuja. Na usiku wa kwanza mgonjwa apimwe joto, mapigo na damu kwa saa zilizopangwa, na muuguzi anayeona hatari aruhusiwe kumwamsha daktari bila kuogopa kukemewa.

Hata hivyo hatutaki kuwatwika watumishi mzigo wote. Muuguzi hawezi kuosha mikono kwa bomba kavu. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa malori zihakikishe kwamba maji, umeme na mashine ya kutakasa vyombo havikosekani, na kwamba watu wa nusukaputi na wauguzi wa usiku wanatosha. Mwaka 2018 nchi yetu ilizindua mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na nusukaputi uliopangwa hadi mwaka 2025. Mipango ni mizuri. Lakini mpango usioshuka hadi kitanda cha mama wa Momba hubaki karatasi, nasi tumekwisha kuonyesha kwamba karatasi yafaa pale tu inaposomwa kwa sauti na kufuatwa.

Nasi wananchi tuna kazi yetu. Tutoe damu kabla ya siku ya shida. Tusipake mshono majani, samli wala majivu. Tukiona homa, usaha au harufu, turudi hospitali siku ile ile, wala tusione haya. Jirani mwenye pikipiki ampeleke mzazi bila kumtoza kama mgeni. Na tuulize, kwa adabu lakini bila woga: "Sista, dawa ya kuzuia vijidudu amepewa? Kidonda kitatazamwa lini?" Kuuliza si utovu wa heshima. Hospitali ni mali yetu.

Taifa hili lilipoanza lilitaja maradhi kuwa adui, na adui hashindwi na jeshi linalohesabu risasi zake likaacha kuhesabu majeruhi wake. Twawaomba viongozi wa Vwawa, Tunduma, Momba, Ileje, Mbozi na Songwe waanze mwezi huu, kwa daftari la kawaida na kalamu. Baada ya mwaka mmoja watueleze hadharani: tulipasua wangapi, walipona wangapi, tulikosea wapi, tumerekebisha nini. Siku hiyo jamaa walioketi nje wataweza kuuliza swali zima, nao watajibiwa.