Gesi Itapita, Bangale Itabaki na Kuni

Tuache kudanganyana. Mwanasiasa akitaja "gesi asilia" tunapiga makofi, ati kesho kujaza meko kutakuwa rahisi. Gesi ya meko ni LPG, na Kenya huiagiza kutoka nje. Miradi mikubwa inayosifiwa pwani ya Afrika Mashariki ni ya LNG: gesi inayopozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ikawa kimiminika, ujazo wake ukapungua karibu mara 600, ili meli iibebe mbali. Kiwanda cha namna hiyo ni mlango wa kutokea.

Na mwenye pesa akibisha, mlango hufunguka upesi. Urusi ilivamia Ukraine Februari 2022. Kufikia Desemba, Ujerumani ilikuwa imeshafungua kituo cha kupokelea LNG pale Wilhelmshaven. Novemba hiyo, shehena ya kwanza ya mtambo wa Coral Sul iliondoka bahari ya Cabo Delgado, Msumbiji, kuelekea Ulaya. Nyuma yake, malaki ya watu wa mkoa huo walikuwa bado hawajarudi makwao kwa sababu ya vita.

Sasa njoo Bangale, Tana River, kwenye barabara ya Garissa. Sensa ya 2019 ilikuta asilimia 55 ya nyumba za Kenya zinapikia kuni, na asilimia 24 gesi. Bangale iko upande gani wa hesabu hiyo, huhitaji kuuliza.

Utasema sisi tuna mpango wetu. Ndiyo: Mei 2021 Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano ya bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Julai, miezi miwili tu baadaye, gesi ya kupikia ikabandikwa VAT ya asilimia 16. Ilipunguzwa 2022, ikaondolewa 2023, lakini tulishaona jikoni kunakumbukwa lini.

Utasema pia gesi ni safi kuliko mkaa. Kweli kabisa. Basi ianze kwa anayemezwa na moshi kila siku. Usimwite mchoma mkaa wa Tana River adui wa mazingira, huku gunia lake likiiva nyama choma yako Nairobi.

Watu wa Tana River wanaujua mchezo huu. Mto wao huzungusha mitambo kuanzia Masinga hadi Kiambere, stima ikaingia gridi ya taifa. Mabwawa yakifurika, kama 2024, kinachowafikia wao ni maji.

Kwa hivyo dai ni moja. Kila mkataba wa bomba au gati la gesi uwe na fungu la jikoni: pesa za kushusha bei ya mtungi wa kilo 6 na kuufikisha miji iliyo mbali na bandari, kiasi na tarehe vikiandikwa. Kama fungu hilo halimo, weka mikono mfukoni. Usipige makofi.