Tsavo si Simba Peke Yao

Kila nikiwauliza wanafunzi wangu kuhusu ujenzi wa Reli ya Uganda, hunijibu: simba wa Tsavo. Hayo ndiyo mafunzo ya The Ghost and the Darkness, filamu ya mwaka 1996. Mwaka 1898 mhandisi Patterson aliwaua simba wote wawili. Hollywood ikaona haitoshi, ikamzulia mwenzake Mmarekani, mwindaji Remington, ambaye hakuwahi kuwapo. Mzungu mmoja hakutosha! Ilhali vibarua takribani 2,500 kutoka India walikufa katika ujenzi ule, wengi wao kwa maradhi na ajali. Simba waliua makumi tu. Wale simba wamehifadhiwa makumbusho ya Field, Chicago. Vibarua wamezikwa wapi? Watengeneza filamu wetu waanzie hapo.