Biharusi, Uso Wako Usiuogope



Msimu wa harusi umeingia na simu yangu imejaa picha za mabiharusi. Mashaallah, wote wamependeza. Lakini juzi niliangalia picha ya binti wa jirani, mtoto niliyemjua tangu anakwenda chuoni na msahafu wake kifuani, nikauliza, "Huyu nani?" Poda na filta vilikuwa vimemfuta kabisa. Nikamkumbuka mama mmoja wa Kijapani.

Jina lake Kirin Kiki, mwigizaji wa televisheni na filamu, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1943. Mwaka 1974, akiwa na miaka 31 tu, alikubali kuwa bibi kizee katika tamthilia ya televisheni ya Terauchi Kantaro Ikka. Aliyecheza kama mwanawe alikuwa mwanamume aliyemzidi umri kwa miaka 10! Nywele aliweza kuzifanya nyeupe, lakini mikono ya ujana ingemuumbua, basi akavaa glavu zilizokatwa ncha za vidole. Umri ambao wengine huficha mikunjo, yeye alificha ujana. Na ni uzee ule wa kuigiza uliomfanya ajulikane nyumba kwa nyumba.

Kuna na tangazo moja la Fujifilm, la miaka ya 1980 mwanzoni, alilocheza kama mteja dukani kwa wasafisha picha. Mwenyewe alisimulia kuwa maneno ya awali yalikuwa yanaahidi kwamba hata asiye mzuri atatoka mzuri. Akayakataa, kwa sababu si kweli. Yakabadilishwa: mzuri atatoka mzuri zaidi, na asiye mzuri atatoka kwa kadiri yake. Japani nzima ilicheka, na tangazo likakumbukwa miaka na miaka.

Sasa shoga yangu utaniambia, "Yule alilipwa ili azeeke. Mimi nikizeeka nitaletewa mke mwenza." Hofu hiyo naijua, wala siicheki. Lakini niambie, nani amewahi kushindana na umri akashinda? Ukimfundisha mume siku ya kwanza kuwa thamani yako ni ngozi, basi umempa mzani ambao kila mwaka utakuonyesha umepungua. Na hapo ndipo mkorogo unapoingia nyumbani. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, na zebaki huharibu figo. Biharusi anataka weupe wa siku tatu, analipa kwa mwili wa maisha.

Sisemi msijipambe. Singo, liwa, hina na piko ni raha yetu, na somo wako akikufukiza udi usimkatalie. Pambo linakuongezea ulichonacho. Kujifuta ni jambo jingine.

Wala sisemi tumwige Kirin kwa kila kitu. Ndoa yake ilikuwa ya ajabu, yeye na mumewe waliishi mbalimbali kwa miaka zaidi ya 40 bila kuachana. Hilo simtakii biharusi yeyote. Ninachokipenda ni vile alivyoishi na mwili aliopewa. Mwaka 2003 jicho la kushoto lilipoteza nuru. Baadaye akapata saratani ya matiti, akafanyiwa upasuaji. Mwaka 2013, siku aliyopewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tuzo kubwa ya filamu ya Japani, alisema pale pale jukwaani kwamba saratani imeenea mwili mzima. Akarudi kazini.

Mwaka 2015 alitoka katika filamu ya An, akiwa bibi aliyewahi kuugua ukoma, anayepika maharage matamu kwa subira kubwa. Mwaka 2018 akacheza bibi katika Shoplifters, filamu iliyochukua tuzo kuu ya Cannes, na kwa ajili yake akavua meno yake ya bandia mbele ya kamera. Alifariki Septemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 75.

Fikiria kama angalitumia miaka ile yote kuing'ang'ania sura ya miaka 31. Asingalikuwa na uso wa kumchezea yule mgonjwa wa zamani wa ukoma. Kila mkunjo ulimpa kazi mpya.

Na wewe biharusi, uso wako una kazi nyingi mbele: utakuwa uso wa mama, wa shangazi, wa bibi, inshaallah. Siku ya harusi mwambie mpambaji wako akupambe mpaka ung'are, kisha ujiangalie kiooni. Ukijiona bado ni wewe, toka. Ukimwona mgeni, mwambie apunguze.