Akili Haikai Kwa Daftari Pekee

Wasee, leo nataka tugombane kidogo.

Nikiwa kidato cha pili nilikuwa kipa wa timu ya shule. Hesabu nikaanguka. Mwalimu akanisimamisha mbele ya darasa akasema, "Huyu akili yake iko kwa mikono." Darasa likacheka. Mimi pia nikacheka, juu ungefanya nini? Na wiki hiyo hiyo nilikuwa nimedaka penalti mbili.

Sasa tuongee kuhusu hizo penalti. Mpira unapigwa mita 11 kutoka golini. Ukichapwa vizuri, unafika kwa chini ya nusu sekunde. Macho yakishaona kitu, mwili unahitaji karibu sekunde 0.2 ndio uanze kusonga, na hapo bado hujaruka. Piga hesabu mwenyewe, ile mlisema siijui: nikingoja kuona mpira umeenda wapi, nishachelewa. Kwa hivyo kipa mzuri hangoji. Anaangalia mguu ambao mpigaji amekanyagia kando ya mpira, nyonga zimeelekea wapi, bega limeinama vipi, halafu anaamua. Mnaita bahati. Mimi naita kusoma.

Masikio nayo? Ubongo hupokea sauti haraka kuliko picha. Mtu hujibu mlio kwa karibu sekunde 0.15. Ferdinand Omanyala alipokimbia 9.77 pale Kasarani mwaka wa 2021, mbio zile zilianzia masikioni, si miguuni. Sheria ya riadha hata imeweka mpaka: ukisukuma kabla sekunde 0.1 haijaisha tangu mlio, unahesabiwa umetoka mapema, juu inachukuliwa kwamba hukusikia, ulibahatisha.

Najua kuna mmoja hapo anasema, "Hao wamezaliwa wepesi tu, hiyo si akili." Sawa, basi nielezee hii. Mwaka wa 2004 huko Marekani, Jennie Finch, mrushaji wa softiboli, aliwarushia mpira mastaa wa besiboli kama Albert Pujols na Mike Piazza. Hawa ni watu wa kupiga mipira inayokuja kwa kasi kuliko wake. Mpira wake ni mkubwa pia. Na bado akawatoa. Kwa nini? Anarusha kutoka chini, na wao walizoea kusoma bega na mkono wa mtu anayerusha kutoka juu. Macho yalikuwa yale yale, wepesi ule ule. Kilichokosekana ni masomo. Wangekuwa wamezaliwa nayo, si wangepiga?

Kwa hivyo shule ikichukua kipindi cha michezo ikakipa hesabu, tusiseme imeokoa muda. Imefuta somo moja ili ifundishe lingine. Sisemi mchezaji asisome. Mimi hesabu nilirudia, na nikapita. Lakini hakuna mtu amewahi kunirudisha mbele ya darasa aseme, "Huyu anaamua kwa nusu sekunde kitu ambacho sisi hatuwezi."

Na wewe shabiki unayepiga kelele "Ruka!" mpira ukiwa tayari kwa nyavu, tulia bana. Kipa alishafikiria, akaruka, akakosea, na wewe bado ulikuwa unafungua mdomo.